Viti vya sport kwenye MX-5 ya zamani

Swali: Fundi mambo, nina Mazda MX-5 ya 1992, viti vimechoka nikapata baketi (vile viti vya sport vinavyokumbatia mwili) za mtumba, sasa jamaa wa gereji anasema atoboe sakafu achomelee tu. Ni sawa?

Jibu: Asiiguse hiyo sakafu! Tafuta reli (vile vyuma vya chini vinavyoshika kiti) za MX-5 yenyewe, zinakaa kwenye matundu yaleyale ya kiwandani. Ila pima upana kabla hujalipa, maana kigari chenyewe chembamba, baketi pana inagonga mlango ama inabanwa pale katikati, na kama wewe mrefu reli zikiinuka sana kichwa kinagusa turubai la paa. Halafu ile sehemu ya kuchomekea mkanda imefungwa kwenye kiti cha zamani, usikitupe nayo, ihamishie kwenye reli mpya kwa bolti ya maana.