Tangi la vepu linakukohoza? Angalia koili kwanza

Kaka, umeuliza kwa nini tangi jipya la vepu (sigara ya kielektroniki) lenye koili, yaani waya unaopasha juisi moto, ya omu 0.2 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme) linakukohoza, wakati ulitaka kitu cha kuachia sigara. Tangi si bovu, halikufai tu. Hilo ni la kuvuta moja kwa moja hadi mapafuni: matundu ya hewa mapana, wati 50 na zaidi, mvuke tele. Ukilitilia juisi yenye nikotini miligramu 20 kwa mililita, lazima koo liwake na kichwa kizunguke.

Mvuta sigara huvuta mdomoni kwanza, ndipo ashushe. Tafuta tangi dogo la hewa finyu, koili ya omu 1.0 hadi 1.2, wati 10 hadi 14, na juisi ya PG (propilini glaikoli, kimiminika chepesi) na VG (gliserini ya mimea, nzito) nusu kwa nusu. Ile nzito ya VG asilimia 80 haipenyi upesi kwenye vitundu vidogo vya koili. Pamba hukauka, unapata ladha ya kuungua, na koili hiyo ndiyo basi tena.

Koili mpya idondoshee juisi matone matatu manne kwenye pamba, jaza tangi, subiri dakika 10. Kabla ya kulipa, hakikisha skrubu ya tangi ni ya aina ya 510 kama ya betri yako, na uliza kama duka lina koili zake, maana hizo utazirudia mara kwa mara.