Kodeini iligoma kwangu, mdogo wangu ikamlaza fofofo

Miaka michache nyuma nilifanyiwa upasuaji mdogo wa goti, ule wa kuingia asubuhi na kutoka jioni, nikapewa vidonge vya maumivu vya kwenda navyo nyumbani, vile ambavyo kodeini na parasetamoli zimechanganywa kwenye kidonge kimoja. Nikameza viwili nikasubiri saa nzima, hamna kitu, goti linadunda tu. Nikapiga simu wodini, nesi akaniambia "vumilia kaka, dawa nzuri hiyo, watu wote wanaitumia", na kwa sauti ile nikajua ameshaniweka kwenye lile kundi la wanaume wanaodeka.

Kilichonichanganya ni kwamba mdogo wangu wa kike alikuwa ameng'olewa jino miezi kadhaa kabla, akapewa vidonge hivyo hivyo, akameza kimoja tu akalala fofofo mpaka tukawa tunamwamsha ale. Baba mmoja mama mmoja. Nikasema basi mimi nimepewa feki, na hapo ndo nikafanya ujinga wangu: nikaongeza. Sio vile vya kodeini maana karatasi ilisema mwisho vinane kwa siku na hivyo vinane nilikuwa nimeshavifikisha, nikaongeza parasetamoli za kawaida zilizokuwa kwenye droo, viwili asubuhi viwili usiku, si parasetamoli tu jamani, nani alishawahi kuogopa parasetamoli.

Siku ya tatu kichefuchefu kikanishika, nikaenda duka la dawa kuomba cha kuzuia kutapika. Dada mfamasia akaniuliza nameza nini nikamtajia, akanyamaza kidogo, akasema "kaka, zitoe zote uziweke hapa." Nikaziweka kaunta. Akageuza boksi moja akaanza kuandika kwa nyuma: vinane vya kodeini mara miligramu 500 za parasetamoli zilizomo kwenye kila kimoja, halafu vinne vya droo mara 500, akapiga mstari chini, 6,000. Akaniambia kikomo cha mtu mzima ni miligramu 4,000 ndani ya saa 24 na hiyo ni kwa ini lisilo na tatizo, kisha akaninyang'anya kabisa vile vya kwenye droo. "Nenda hospitali saa hii, usipitie nyumbani." Nikaenda, nikatolewa damu, nikalazwa na dripu ya asetilsisteini, dawa ya kuokoa ini, na ALT, kipimo cha damu kinachopanda ini likiumia, ilikuwa imepanda kama mara nne ya kawaida. Ini likapona ndani ya wiki chache. Nilikuwa na bahati, wapo wanaofika wamechelewa.

Sasa tuje kwenye kilichotokea, maana vitu viwili vilikutana kwangu, jeni na ini, na mimi sikujua hata kimoja.

Kodeini yenyewe, ilivyo kwenye kidonge, haifanyi kazi kubwa ya kutuliza maumivu. Ini lina kimeng'enya kinaitwa CYP2D6 ambacho kinaichukua sehemu ndogo ya kodeini, kama asilimia 5 hadi 10, kinaigeuza kuwa mofini, na hiyo mofini ndo inayokutuliza. Kwa kawaida mtu anarithi nakala moja ya jeni ya kimeng'enya hicho kwa baba na moja kwa mama. Mimi nilikuja kupimwa baadaye, nilitema mate kwenye kichupa tu, majibu yakarudi kwamba nakala zangu zote mbili hazifanyi kazi. Yaani hata ningemeza vinane kwa mpigo mofini ingekuwa ya kubahatisha. Mdogo wangu yeye akapata angalau nakala moja nzima, ndo maana. Wazazi wenyewe walikuwa kila mmoja na nzima moja na mbovu moja bila kujua, mimi nikaokota mbovu mbili, ni kama kurusha shilingi mara mbili.

Na kuna wa upande wa pili, ambao mimi nawaogopea zaidi. Wapo waliorithi nakala za ziada, tatu na kuendelea, kodeini ikiingia inageuzwa mofini kwa kasi na kwa wingi mpaka pumzi inapungua. Watu wa namna hiyo wako wengi kiasi Ethiopia na Afrika Kaskazini kuliko Ulaya kaskazini. Watoto kadhaa walikufa baada ya kupewa kodeini walipotolewa tezi za koo (tonsili), ndo maana mwaka 2013 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ikaweka onyo kali, na 2017 ikasema kabisa asipewe mtoto wa chini ya miaka 12. Kwa hiyo kama una kichupa cha sirapu ya kikohozi yenye kodeini umekihifadhi "kwa ajili ya watoto", kirudishe duka la dawa leo.

Hili jambo liligunduliwa kwa mtindo unaonichekesha kila nikikumbuka. Mwaka 1975 London, mtafiti Robert Smith na wenzake walimeza dawa ya presha inaitwa debrisokini ili waone mwili unaifanyaje. Wenzake wako poa kabisa, yeye presha ikashuka kiasi kwamba kusimama hawezi. Watu wengi wangesema "leo sikula vizuri" yakaisha, yeye akauliza kwa nini mimi peke yangu, na mwaka 1977 wakachapisha kwamba ni suala la kurithi. Kimeng'enya chenyewe ndo hicho hicho CYP2D6 kilichonigomea mimi na goti langu.

Na sio kodeini tu. Tramadoli nayo inapita mlango huo huo kwa kiasi kikubwa, kwa hiyo daktari akikuhamisha kutoka kodeini kwenda tramadoli kwa mtu kama mimi ni kuhama chumba ndani ya nyumba ile ile. Klopidogreli ya kuzuia damu isigande inahitaji kimeng'enya kingine cha ini, CYP2C19, kiiwashe. Warfarini, nayo ya kuzuia damu isigande, inavunjwa na ndugu yake CYP2C9. Isoniazidi ya TB ina watu wanaoivunja taratibu, tangu miaka ya 1950 inajulikana, hao ndo ganzi ya miguu inawasumbua zaidi wasipopewa vitamini B6. Efavirenzi ya HIV, kama umewahi kumsikia mtu anasema ARV zilikuwa zinampa kizunguzungu na ndoto za ajabu usiku akaambiwa anajiendekeza, inavunjwa na kimeng'enya CYP2B6, na aina ya jeni inayofanya kazi pole pole iko kwa Waafrika wengi sana. Yule mtu hakuwa anajiendekeza, dawa ilikuwa inajaa mwilini mwake.

Hapa niseme kitu kuhusu vipimo vya jeni maana watu wananiuliza kama wapime. Mimi sijuti. Ila uliza kipimo kinaangalia aina zipi, kwa sababu vingi vilianza kutengenezwa kwa kuangalia Wazungu. Kuna aina inaitwa CYP2D6*17, imejaa Afrika, ilielezwa mara ya kwanza 1996 kwa Wazimbabwe na timu ya Collen Masimirembwa, inapunguza nguvu ya kimeng'enya. Kipimo kisichoitafuta kitakuandikia "kawaida" na wewe sio wa kawaida.

Halafu hata kipimo kikiwa kizuri, jeni ni nusu ya habari. Unaweza kuwa na jeni safi kabisa ya CYP2D6 halafu ukawa unameza fluoksetini ya sonona, hiyo inakifunga kimeng'enya, unakuwa kama mimi tu. Rifampisini ya TB inafanya kinyume, inaliamsha ini livunje dawa nyingine kwa kasi, vidonge vya uzazi wa mpango vikiwemo, mimba zimeingia hivyo. Ukiwa unameza klozapini ya magonjwa ya akili au theofilini ya pumu ukaacha sigara ghafla, dawa inaweza kupanda kwenye damu, maana moshi ndo ulikuwa unaharakisha uvunjaji, kwa hiyo acha sigara, tena hongera, ila mwambie daktari wako kabla. Na juisi ya balungi inafunga kimeng'enya kingine, CYP3A4, cha kwenye utumbo, hilo liligunduliwa kwa bahati Kanada, watafiti walitumia balungi kuficha ladha ya pombe kwenye utafiti wa dawa ya presha, kumbe balungi lenyewe ndo linapandisha dawa.

Tukirudi kwenye ini. Parasetamoli nyingi inapita njia salama, kidogo inageuka sumu, na ini lina akiba ya glutathioni ya kuizima. Ukizidisha, au hujala siku kadhaa, au unakunywa sana, akiba inakwisha na ile sumu inaanza kula ini lenyewe. Dripu niliyowekewa kazi yake ni kurudisha ile akiba. Kwa hiyo somo la kwanza kabisa, la bure: soma kilichomo ndani ya kidonge na sio jina la boksi. Dawa za mafua, za maumivu, za hedhi, nyingi zina parasetamoli ndani na hazikuambii kwa herufi kubwa.

La pili ni hili la vipimo vya damu. Watu wanasema "nimepima ini liko poa" wakimaanisha ALT na AST. Hizo zinaonyesha kama chembe za ini zinaumia sasa hivi, hazionyeshi ini linaweza kazi kiasi gani. Mtu mwenye ini lililosinyaa kwa makovu anaweza kuwa na ALT nzuri tu kwa sababu chembe za kuumia zimebaki chache. Kazi ya ini unaiona kwenye albumini (protini ambayo ini linaitengeneza), bilirubini (ile rangi ya njano ambayo ini linaiondoa) na muda wa damu kuganda. Na kwa ini kama hilo, damu inayotoka tumboni inapita pembeni badala ya kuchujwa kwanza, dawa ambayo kwako inafika theluthi tu kwenye mwili, kwake inaweza kufika karibu yote. Dozi ile ile, kwake ni kama mara mbili au tatu. Ndo maana mwenye homa ya ini sugu au mnywaji wa miaka mingi asiazime dawa ya mtu hata siku moja, na aseme ukweli kwa daktari hata kama ni aibu.

Mimi ninachofanya siku hizi ni kikaratasi, kipo kwenye pochi nyuma ya kitambulisho. Nimeandika jina la dawa yenyewe (sio la biashara, hayo yanabadilika), dozi, nilichohisi, baada ya saa ngapi. Kodeini: hakuna kitu. Dawa ya kichefuchefu fulani: nililala siku nzima. Nimeandika na majibu ya jeni, na dawa za mitishamba ninazotumia pia. Usibadilishe dozi mwenyewe kwa sababu umesoma haya, nilishajaribu, nimeshakusimulia ilivyoisha. Peleka kikaratasi kwa anayekuandikia.

Mwaka jana ikawa zamu yangu kung'olewa jino. Daktari alikuwa ameshaanza kuandika, nikamsogezea kikaratasi mezani, akakisoma mpaka mwisho, akakata alichoandika na kuweka ibuprofeni, halafu akaniuliza "una vidonda vya tumbo wewe?" Ninavyo, vya zamani. Havikuwemo kwenye kikaratasi. Nikaomba peni yake nikaongeza.