Jibu: Diski kupinda kulia kwenye upepo wa Dodoma

Mkuu, umeuliza kuhusu gofu ya diski, ule mchezo wa kurusha diski hadi ifike kwenye shabaha kwa mitupo michache: hiyo diski yako kupinda kulia na kuingia kwenye miiba kila upepo unapokupiga usoni si mkono mbovu. Kwa mtu wa mkono wa kulia anayerusha akitokea kifuani, diski yenye kasi huelemea kulia kwanza, halafu ikichoka inamalizia kushoto. Upepo wa mbele unafanya diski ijione ina kasi kubwa zaidi, basi ikishaelemea kulia hairudi.

Usiongeze nguvu, utaharibu zaidi. Shusha pua ya diski, yaani ukingo wake wa mbele, rusha chini chini, uizungushe vizuri kwa kiganja. Chukua nzito, gramu 170 na kitu; ile nyepesi ya 150 iache nyumbani. Na kiangazi hiki anzeni asubuhi, mchana hapa ni upepo na vumbi tu.

Kuhusu dumu mlilofunga kwenye mgunga liwe shabaha yenu, wala usione aibu. Kabla Mmarekani Ed Headrick hajabuni kikapu cha minyororo cha kunasia diski miaka ya 1970, Wamarekani walikuwa wanalenga miti na nguzo. Kubalianeni tu mapema: ikigusa dumu imeingia, vinginevyo mtagombana kila shimo.