Mama aliyesema hajambo, presha ikasoma 182

Nilipokuwa nikizunguka Nyalenda, hapa Kisumu, na dodoso la utafiti wa afya kwenye tableti, swali la kwanza lilionekana jepesi: kwa jumla, afya yako ikoje? Mama mmoja muuza omena alinijibu bila kuinua macho kutoka kwenye beseni: "Nzuri sana, mwanangu. Alfajiri nilikuwa ufuoni Dunga kuchukua omena. Mgonjwa huenda Dunga?" Nikabonyeza "nzuri sana". Umewahi kuambiwa na daktari kwamba una presha? Hapana. Wala hakudanganya, hakuna aliyewahi kumpima. Mashine ikasoma 182 kwa 108, juu sana. Nikapima tena, na tena. Haikushuka.

Nyumba ya pili, mwalimu mstaafu. Anameza dawa kila asubuhi, presha yake 126 kwa 80. Afya? "Si nzuri." Ukisoma majibu pekee, mgonjwa ni mwalimu.

Tangu hapo, nikikutana na jedwali la watu wenye presha, natafuta kwanza: walipimwa au waliulizwa? Kama waliulizwa tu, huenda waliohesabiwa ni wale waliofika kliniki. Mwanauchumi Amartya Sen aliandika kuhusu jambo hili mwaka 2002, akitazama majimbo ya India: Kerala, walikoishi miaka mingi zaidi, ndiko walikolalamika magonjwa zaidi, Bihar, walikokufa mapema, walilalamika kidogo.

Lugha nayo ina mitego. Tuliuliza kama mtoto amepata homa wiki mbili zilizopita. Mwandishi wa swali alikusudia joto la mwili, lakini kwetu homa ni mafua pia. Niligundua kazi ikiwa nusu (aibu yangu). Ukikabidhiwa dodoso, wasomee kwanza majirani wawili, wakueleze walichoelewa.

Halafu tazama nani anasikiliza. Usitegemee mke aseme ukweli kuhusu virusi vya ukimwi huku mama mkwe akichambua sukuma wiki mlangoni. KENPHIA, utafiti wa kitaifa wa virusi vya ukimwi Kenya wa 2018, haukuishia kwenye mdomo: aliyesema hajui hali yake, lakini damu ikaonyesha ARV, dawa za kudhibiti virusi hivyo, alihesabiwa kuwa anajua.

Maswali siyatupi. Maumivu ya mgongo, kwa mfano, utayajua kwa kuambiwa tu.

Yule mama nilimwandikia barua ya kwenda kliniki, akaifunga kwenye pindo la leso. "Na pale pa afya," akaniuliza, "utabadilisha?" Hatukuruhusiwa. Ikabaki nzuri sana.