Minyoo kwa watoto wa mbwa

SWALI: Watoto wa mbwa wangu wana wiki tano. Niliwapa dawa ya minyoo mara moja, lakini bado matumbo yamevimba na wanatapika minyoo kama tambi. Je, dawa ilikuwa mbovu?

JIBU: Si lazima. Hiyo ni minyoo mviringo, ambayo mtoto huipata tumboni mwa mama na kwenye maziwa. Dawa huua iliyo utumboni tu. Mabuu yanayopita kwenye ini na mapafu hunusurika, kisha hushuka na kukomaa. Ndiyo maana dozi hurudiwa: wiki ya 2, 4, 6 na 8, halafu kila mwezi hadi miezi 6. Mama naye atibiwe pamoja nao.

Mpime kila mmoja kwa mizani, usikadirie. Pairanteli, dawa ya minyoo, hutolewa miligramu 5 kwa kilo ya uzito, hivyo wa kilo 2 anapata miligramu 10. Soma kwenye chupa mililita moja ina miligramu ngapi. Minyoo kutoka kinyesini baada ya dawa ni jambo la kawaida.

Zoa kinyesi kila siku, hasa mnapoishi na watoto wadogo nyumbani, maana mayai ya minyoo hiyo huwadhuru binadamu pia. Fizi zikipauka au kinyesi kikiwa cheusi, shuku minyoo ya safura, inayofyonza damu: mpeleke kwa daktari wa mifugo siku hiyohiyo.