Mistari ya Emily Kame Kngwarreye

SWALI: Ndugu Mhariri, mwalimu wetu wa sanaa alituonyesha mchoro wa Emily Kame Kngwarreye wa Australia, mistari myeupe mitupu juu ya weusi, akasema bibi huyo alianza kuchora akikaribia miaka 80. Inawezekanaje? Na mistari ile ina maana gani?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Ndugu msomaji, ni kweli kwamba Emily alianza kuchora kwenye kanvasi mwishoni mwa mwaka 1988, lakini kuchora kwenyewe alikuzoea tangu zamani. Alizaliwa mnamo mwaka 1910 hivi huko Alhalkere, nchi ya Waanmatyerre, mojawapo ya jamii za wenyeji wa asili wa Australia, katika eneo la jangwa liitwalo Utopia lililo kaskazini-mashariki ya mji wa Alice Springs. Wanawake wa huko wana ibada iitwayo awelye, ambamo huchorana mistari ya udongo wa rangi kwenye vifua na mabega huku wakiiimbia ardhi waliyorithi kwa wazee wao. Mkono uliolelewa katika kazi hiyo, na ambao tangu mwaka 1977 ulitia nta na rangi kwenye vitambaa vya batiki, haukuwa mgeni wa kuchora hata kidogo. Ndiyo maana katika miaka minane tu, hadi alipofariki Septemba 1996, aliacha michoro inayokadiriwa kufikia 3,000, na fedha alizopata ziliwasaidia jamaa zake wengi.

Sasa tuje kwenye mistari. Jina Kame, ambalo sisi Waswahili lingetukumbusha ukame, kwao ni mbegu ya kiazi chembamba cha porini, kiazi ambacho kikikomaa ardhini hupasua udongo wa juu, na wanawake wakiziona nyufa hizo hujua pa kuchimba. Mchoro mnaouzungumzia, bila shaka, ni ule wa kiazi wa mwaka 1995 unaohifadhiwa katika jumba la sanaa la taifa la Victoria, mjini Melbourne, wenye upana wa mita nane na kimo cha karibu mita tatu. Aliuchora kwa siku mbili, kanvasi ikiwa imetandazwa chini naye ameketi juu yake. Ukiutazama kwa karibu utaona mstari mmoja ukienda, ukijipinda, ukaukata mwenzake na kupotea chini ya mwingine, kama mzizi unaotafuta njia gizani.

Mimi siwezi kukubali kwamba ni urembo mtupu. Mwenyewe alipoulizwa anachora nini, alijibu kwamba anachora vyote kwa pamoja: awelye, kiazi, mjusi wa miiba, mbegu za nyasi, ndege emu na mmea mdogo anaoupenda ndege huyo, na Kame, mbegu aliyopewa jina lake.