Mbegu Zimechipua Kitambaani, Udongoni Zimepotea

SWALI: Shikamoo mama. Nililoweka mbegu 24 za tikiti maji usiku kucha, nikazifunga kwenye kitambaa chenye unyevu. Siku ya nne asubuhi mbegu 22 zilikuwa zimetoa mizizi myeupe, mingine mirefu kuliko kiungo cha kidole, nikafurahi kwa kuona zina nguvu. Nikazihamishia kwenye viriba, nikazichomeka mpaka kidole kikazama viungo viwili, nikashindilia udongo ili zishike, na tangu hapo namwagilia asubuhi na jioni bila kukosa. Udongo ni wa mfinyanzi, nimeuchanganya na samadi. Leo ni siku ya 12 na imetoka miche mitatu tu. Aliyeniuzia anasema mbegu zake ni nzima. Je, ni mbegu mbovu, au nilizipanda kichwa chini miguu juu?

JIBU: Marahaba mwanangu. Aliyekuuzia kasema kweli. Mbegu 22 kutoa mzizi kati ya 24 ni zaidi ya tisa kwa kila kumi, na hakuna mkulima anayeweza kulalamikia mbegu za namna hiyo. Kilichoziua kimetokea baada ya kitambaa, na ushahidi wake bado umo ndani ya viriba. Kwa hiyo nakuomba usimwage udongo huo kabla ya kufukua.

Chukua kijiko cha chai, anzia pembeni ya kiriba, utoe udongo kidogo kidogo mpaka ulipoiweka mbegu, kisha uumwage kwenye sahani nyeupe. Fanya hivyo kwa viriba vitano au sita. Msimu wangu wa pili wa kukuza miche ya kuuza, trei tatu za pilipili hoho hazikutoka. Nikamwaga udongo wote kwa hasira, nikatafuta mbegu nyingine, nikapanda vile vile, zikapotea tena. Mara ya tatu ndipo nilipofukua. Juu udongo ulikuwa wa kawaida kabisa, lakini chini ulikuwa mweusi, unateleza, unanuka kama kidimbwi, na mizizi ilikuwa nyuzi za kahawia zinazokatika kwa kuguswa. Matundu ya chini ya trei yalikuwa yamezibwa na karatasi niliyotandika mwenyewe. Wiki tano nzima jibu lilikuwa pale chini, sikuliangalia.

Sasa nikueleze utakachokikuta.

Ukikuta ganda limebaki na ndani mna uji wa kahawia wenye harufu, hayo ni maji. Mbegu kavu haihitaji hewa nyingi, lakini ikishachipua inapumua kwa nguvu, na hewa hiyo inaipata kwenye nafasi ndogondogo zilizo kati ya chembe za udongo. Mfinyanzi ulioshindiliwa una nafasi chache. Ukimwagilia mara mbili kwa siku wakati hakuna hata jani moja la kunywa maji hayo, unazijaza zote. Mzizi unakosa hewa, unalegea, na vimelea vya udongoni kama Pythium na Rhizoctonia vinaingia. Ni kinyausi, ugonjwa ule ule unaoangusha miche iliyokwisha kutoka, ila hapa unaua kabla hujaona chochote. Kwa maelezo yako, naamini sehemu kubwa ya mbegu zako zimekwenda kwa njia hii.

Ukikuta shina jeupe, refu, limejikunja kama chemchemi chini ya tabaka gumu, ulizika mno. Hapa naomba tukae kidogo, maana ukielewa jinsi mche unavyotoka hutasahau kina cha kupandia.

Mche wa tikiti hautangulizi ncha. Unapanda umeinama, shingo imepinda kama ndoano, na ile sehemu iliyopinda ndiyo inayosukuma udongo. Majani ya mbegu, yale mawili manene, yanavutwa nyuma yakiwa yamefumbana ili yasichubuke. Shingo ikigusa mwanga tu, ndoano inanyooka na majani yanafunguka. Safari yote hiyo inaliwa na akiba iliyomo ndani ya mbegu, kwa sababu gizani hakuna chakula kinachotengenezwa. Viungo viwili vya kidole ni kama sentimeta 5. Tikiti linataka sentimeta 2 hivi. Mche wako ulipewa safari ya zaidi ya mara mbili, chini ya mfinyanzi ulioshindiliwa ambao ukikauka juu unatengeneza gamba. Akiba inakwisha njiani. Mbegu ndogo kama za nyanya na pilipili zina akiba ndogo zaidi, hizo nusu sentimeta hadi moja inatosha.

Ukikuta mzizi wenye ncha iliyokauka au iliyokatika, tuangalie kitambaa na samadi. Umeniandikia kwamba ulifurahi mizizi ilipokuwa mirefu. Mwanangu, mzizi mrefu kitambaani ni hasara. Ukishapita milimita 5 hivi unaanza kuota vinyweleo laini, vinashikana na nyuzi za kitambaa, na unapoivuta mbegu vinabaki pale. Mara nyingi hata ncha yenyewe inakatika bila wewe kuona, maana ni nyeupe juu ya kitambaa cheupe. Samadi nayo, kama haijaoza vizuri, inatoa joto na amonia, tena ina chumvi nyingi. Mzizi mchanga hauna gome la kujikinga. Mmea mkubwa unaweza kuvumilia samadi hiyo, lakini mzizi wa siku nne unaungua.

Na kama hukuti kitu, hata ganda, au unakuta ganda limetafunwa, basi ni panya au mdudu wa udongoni. Hilo dawa yake ni kuinua viriba juu ya meza na kuvifunika kwa wavu.

Kuhusu kichwa chini miguu juu, ondoa wasiwasi. Mzizi unajua chini ni wapi. Kwenye ncha yake mna chembe za wanga zinazozama upande wa chini kama changarawe ndani ya chupa, na mzizi unafuata upande huo. Mwaka 1880 Charles Darwin na mwanawe Francis walieleza jinsi mizizi iliyokatwa ncha ilivyoshindwa kupinda kuelekea chini mpaka ilipoota ncha mpya. Ukiipanda kinyume, mbegu itajigeuza, ila itatumia siku moja mbili na akiba kidogo. Zaidi ya kukusaidia kupanda vizuri, jambo hilo linakuonyesha thamani ya ile ncha unayoishika kwa vidole.

Watu wengi hudhani kwamba mbegu iliyochipua imeshavuka hatari. Mimi naiona ndiyo imeingia hatarini. Mbegu kavu inaweza kungoja mwaka na zaidi ndani ya pakiti. Hata iliyolowekwa, kabla mzizi haujatokeza, unaweza kuikausha na ikaota baadaye. Lakini mzizi ukishatoka hakuna kurudi. Ukikauka mchana mmoja, umekufa. Kwa hiyo siku ya kuhamisha, kila kitu kiwe tayari kabla hujafungua kitambaa: viriba vimejazwa, vimelowa na kuchuja maji, vishimo vimetobolewa.

Ukianza upya, punguza mfinyanzi. Changanya sehemu moja ya udongo wa bustani, moja ya mboji iliyooza mpaka inanukia kama msitu baada ya mvua, na moja ya mchanga mkubwa. Loweka mbegu kwa muda wa saa 8 hadi 12, zisilale majini siku nzima. Tumia karatasi ya jikoni badala ya kitambaa, kwa kuwa mzizi ukijishika unachana kile kipande cha karatasi na kukipanda pamoja nao. Fungua uangalie kila asubuhi na jioni. Mzizi ukifika milimita 3, mbegu iende udongoni siku hiyo hiyo, hata kama wenzake bado. Ishike kwenye ganda, usiguse mzizi. Ilaze ubavu kwenye kishimo cha sentimeta 2, ifunike kwa mchanganyiko uliochekechwa, usishindilie. Rashia maji kidogo, kisha uache. Siku zinazofuata inua kiriba mkononi: kikiwa kizito, usimwagilie. Kikipungua uzito na juu pamepauka, rashia tena. Viweke mahali penye joto la nyuzi 25 hadi 30. Chini ya 15 tikiti karibu linasimama kabisa, na mbegu inayosimama kwenye udongo wa maji inaoza. Kwenye joto hilo utaona shingo kati ya siku ya tatu na ya sita. Ikipita siku ya nane, fukua kiriba kimoja.

Ile miche mitatu iliyotoka usiing'oe. Ipunguzie maji tu.

SWALI: Mama, matango yangu yametoka yote, lakini mengine yamebeba ganda la mbegu juu kama kofia na majani hayafunguki. Nilivute?

JIBU: Usilivute likiwa kavu, utang'oa majani pamoja nalo. Miche ya jamii ya matango na matikiti huota kijipembe kidogo pale mzizi unapokutana na shina. Kijipembe hicho hukanyaga ganda na kulishikilia chini wakati shingo inavuta majani kutoka ndani. Ukipanda juujuu mno, au udongo wa juu ukiwa mkavu na mwepesi, hakuna kinachosaidia kulizuia ganda, linapanda na mche. Weka tone la maji juu ya ganda kwa ncha ya kidole, rudia baada ya nusu saa, na jioni libane taratibu pembeni kwa kucha mbili ili lipasuke. Likikataa, lilowanishe tena uliache mpaka asubuhi.